Marie Curie na Ufundishaji wa Fizikia kwa Wasichana

Wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha huleta malalamiko yanayofanana mwaka hata mwaka. Wasichana, husema, huandika vizuri na huchora vizuri katika kipindi cha sayansi. Lakini mambo yanapofikia betri, nyaya, mizani na nguvu, hurudi nyuma na kuwaachia wavulana meza. Wako wanaokata shauri kwamba hiyo ndiyo tabia ya wasichana, na kwamba mwalimu hana la kufanya. Sisi hatukubaliani na shauri hilo. Twaamini kwamba msichana huyo hakuzaliwa akiiogopa mizani. Alifundishwa kuiogopa, na aghalabu alifundishwa bila ya mtu yeyote kutamka neno.

Badala ya kubishana, katika makala haya tutasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake limeenea duniani kote, lakini kazi yake ya ualimu haijulikani sana. Mtu huyo ni Marie Curie. Watu humkumbuka kwa uvumbuzi wa radiamu na kwa Tuzo mbili za Nobel. Sisi tutamtazama zaidi kama mwanafunzi aliyenyimwa maabara, kisha kama mwalimu aliyewafungulia wengine mlango wa maabara.

KABATI LA VIOO

Marie Curie alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 katika mji wa Warsaw, akaitwa Maria Skłodowska. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Mama yake, Bronisława, aliwahi kuwa mkuu wa shule ya wasichana. Baba yake, Władysław, alifundisha hisabati na fizikia.

Wakati huo Polandi haikuwa nchi huru. Sehemu ya Warsaw ilitawaliwa na Urusi, na baada ya maasi ya mwaka 1863 kushindwa watawala walizidi kukaza kamba. Kirusi kikawa lugha ya kufundishia, na majaribio ya maabara yakaondolewa katika mafunzo ya vijana wa Kipolandi. Mzee Skłodowski akavileta nyumbani vyombo ambavyo hakuweza tena kuvitumia shuleni, akaviweka katika kabati la vioo. Mlikuwamo mirija ya kioo, mizani ndogo, vipande vya madini, na chombo chenye jani jembamba la dhahabu cha kutambulishia umeme. Binti yake mdogo alizoea kusimama mbele ya kabati hilo akivitazama vitu vile kabla hajajua kazi yake. Baba yake akamwambia kuwa hivyo ni vyombo vya fizikia.

Twaomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Nje ya nyumba ile serikali ilikuwa imevifungia vyombo hivyo. Ndani ya nyumba, walakini, hapakuwa na mtu aliyemwambia mtoto yule kuwa fizikia si yake kwa kuwa ni msichana. Kabati lilikuwa pale, jina la vyombo lilitajwa mbele yake, na mwenye kulitaja alikuwa mwalimu. Mwanzo wa mwanafizikia mkubwa ulikuwa mdogo kiasi hicho.

Utoto wake haukuwa wa raha. Dada yake mkubwa, Zofia, alikufa kwa homa ya tifasi. Na mwaka 1878, Maria akiwa na umri wa miaka kumi, mama yake akafariki kwa kifua kikuu. Hata hivyo alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1883 akiwa wa kwanza, akapewa nishani ya dhahabu. Kaka yake, Józef, aliendelea na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Warsaw. Maria na dada yake Bronia hawakuweza kumfuata, kwa kuwa chuo hicho hakikuwapokea wanawake. Nishani ile haikuweza kuufungua mlango.

SHULE YA KUHAMAHAMA

Wapolandi walikuwa wameanzisha chuo cha siri ambacho kiliitwa Chuo Kikuu Kinachoruka. Wanafunzi wake, ambao wengi wao walikuwa wanawake, walikutana katika nyumba za watu, wakihama kutoka nyumba hii hadi ile ili polisi wasiwagundue. Maria na Bronia walijiunga nacho. Humo Maria alijifunza kwamba elimu ni mali ya kugawana, na kwamba aliyepata kidogo ana deni kwa asiyepata kitu.

Dada hao wawili wakapatana. Bronia angekwenda Paris kusomea udaktari, na Maria angefanya kazi na kumpelekea fedha. Baadaye Bronia naye angemsaidia mdogo wake. Hivyo, tangu mwaka 1886, Maria akawa mwalimu wa nyumbani katika familia moja ya shamba, mbali na Warsaw. Huko aliwaona watoto wa wakulima wasiojua kusoma wala kuandika. Akishirikiana na binti mkubwa wa nyumba ile, aliwakusanya watoto zaidi ya kumi akawafundisha kusoma Kipolandi, ingawa kazi hiyo ilikuwa kosa mbele ya watawala na ingeweza kumletea adhabu kali. Usiku, baada ya kazi, alijifunza fizikia na hisabati peke yake kwa vitabu.

Vitabu pekee havikumtosha. Aliporejea Warsaw alipata ruhusa ya kuingia katika maabara ndogo ya Makumbusho ya Viwanda na Kilimo, iliyokuwa chini ya uangalizi wa binamu yake, Józef Boguski. Alikwenda huko jioni na siku za Jumapili, mara nyingi akiwa peke yake, akijaribu kutenda yale aliyoyasoma. Mara nyingine jaribio lilifaulu kuliko alivyotazamia. Mara nyingine lilishindikana kabisa. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20 alipovishika vyombo kwa mikono yake namna hiyo. Baadaye alieleza kwamba ni katika siku hizo ndipo upendo wake kwa utafiti wa majaribio ulipoota mizizi.

PARIS

Mwishoni mwa mwaka 1891 Maria aliwasili Paris akajiandikisha katika kitivo cha sayansi cha Sorbonne, ambako wanawake walikuwa wachache mno. Hapo ndipo alipoanza kuitwa Marie. Aligundua mara moja kwamba kujifunza peke yake kulikuwa kumemwachia mapengo, hasa katika hisabati, na kwamba Kifaransa chake hakikutosha. Aliishi katika chumba kidogo chenye baridi, akala kwa uchache, akasoma. Mwaka 1893 alipata shahada ya fizikia akiwa wa kwanza, na mwaka 1894 alipata shahada ya hisabati akiwa wa pili. Mwaka wake wa mwisho ulisaidiwa na msaada wa masomo wa rubo 600 kutoka Warsaw. Alipoanza kupata mshahara alizirudisha fedha zile, jambo ambalo hakuna aliyelidai, ili msichana mwingine apate kusaidiwa.

Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwanafizikia. Mwaka 1897 alizaliwa binti yao wa kwanza, Irène. Wa pili, Ève, alizaliwa mwaka 1904. Wakati huo Henri Becquerel alikuwa amekwisha kugundua miali isiyoonekana inayotoka katika uraniamu. Marie aliichagua miali hiyo iwe somo la utafiti wake. Alipima, akapima tena, akaona kwamba baadhi ya mawe yenye uraniamu yalitoa miali mingi kuliko kiasi cha uraniamu kilichomo. Akawaza kuwa lazima mna kitu kingine. Mwaka 1898 yeye na Pierre walitangaza elementi mbili mpya: poloniamu, iliyopewa jina la nchi yake iliyotawaliwa, na radiamu. Kisha, katika banda bovu lililovuja mvua, alichemsha na kuchuja tani kadhaa za masalia ya mawe hayo, hata ilipofika mwaka 1902 akawa amepata moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu.

Mwaka 1903 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilitolewa kwa Becquerel, Pierre na Marie. Hapo kwanza lilikuwapo kusudio la kuwatunuku wanaume wawili tu. Pierre alidokezwa habari hiyo, akaandika kutaka mke wake asiachwe. Kazi iliyokuwa imeanzishwa na mwanamke huyo nusura ihesabiwe kuwa ya wengine, hata baada ya kuonekana na ulimwengu mzima. Basi tusistaajabu kazi ya msichana wa darasa la tano ikihesabiwa kuwa ya jirani yake.

MWALIMU WA WALIMU

Sasa twafika mahali panapotuhusu zaidi. Mwaka 1900 Marie alipewa kazi ya kufundisha fizikia katika chuo cha Sèvres, karibu na Paris, kilichowaandaa wasichana kuwa walimu wa shule za sekondari za wasichana. Kwa maneno mengine, wanafunzi wake walikuwa wanachuo kama ninyi. Marie aliongeza majaribio katika masomo, akawataka wanafunzi wavishike vyombo na kupima wenyewe. Aliona wazi kwamba mwalimu ambaye hajawahi kuishika mizani atakwenda kuwafundisha watoto kuiogopa. Mmoja wa wanafunzi hao, Eugénie Feytis, aliyejulikana baadaye kama Eugénie Cotton, alikuwa mwanafizikia, na hatimaye akawa mkuu wa chuo hicho hicho.

Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi barabarani akafa. Marie alibaki mjane mwenye watoto wawili. Alikabidhiwa masomo ya mumewe katika Sorbonne, na tarehe 5 Novemba 1906 aliingia ukumbini uliojaa watu waliokuja kumtazama, akaanza somo pale pale Pierre alipokuwa ameachia. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefundisha hapo kabla yake.

Katika huzuni hiyo hiyo alianza kazi ambayo sisi twaiona kuwa hazina kwa kila mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na rafiki zake wa chuo kikuu hawakupendezwa na shule za wakati ule, zilizowakalisha watoto saa nyingi wakisikiliza. Wakapatana kuwafundisha watoto wao wenyewe kwa zamu. Jean Perrin alifundisha kemia, Paul Langevin hisabati, na Marie akafundisha fizikia. Watoto walikuwa kama kumi, wasichana na wavulana pamoja, na miongoni mwao alikuwamo Irène. Mpango huo uliendelea kwa muda wa miaka miwili hivi, kuanzia mwaka 1907. Msichana mmoja katika kundi hilo, Isabelle Chavannes, aliyaandika masomo ya Marie katika daftari. Daftari hilo lilihifadhiwa, likachapishwa kuwa kitabu mwaka 2003, na kwa ajili yake twajua alivyofundisha.

Hakutumia vyombo vya gharama. Alitaka watoto waone kwamba chupa inayoitwa tupu si tupu, bali ina hewa, na kwamba hewa ina uzito. Aliwafundisha njia ya maji katika vyombo vilivyounganishwa kwa mrija, na sababu ya yai kuzama katika maji matamu na kuelea katika maji ya chumvi. Watoto walitengeneza vipimajoto wenyewe, wakafurahi kuona vinakubaliana na vile vya dukani. Alichukua gololi za baiskeli, akazichovya katika wino, akaziachia katika ubao ulioinamishwa. Zikaacha mchoro wa tao, na watoto wakaiona kwa macho kanuni ya kitu kinachoanguka.

Siku moja aliwauliza watoto wafanyeje ili chombo cha maji ya moto kisipoe upesi. Wakatoa majibu ya kitaalamu: kukizungushia sufi, kukitenga na kila kitu. Marie akatabasamu, akawaambia kwamba yeye angeanza kwa kukifunika. Twapenda kisa hiki kwa sababu chatukumbusha kuwa fizikia haianzii katika maneno magumu. Msichana ambaye kila siku hufunika sufuria jikoni amekwisha kulitenda jambo hilo. Kilichobaki ni mwalimu kumwonyesha kwamba alilolitenda ni fizikia.

WALIOFUATA NYUMA YAKE

Mwaka 1911 Marie aligombea nafasi katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, yaani baraza la wanasayansi mashuhuri wa nchi, akakosa kwa kura chache mno. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya pili, safari hii ya kemia. Vita kuu ilipozuka mwaka 1914 alikusanya magari akayawekea mitambo ya eksirei, ili madaktari wapate kuona risasi na mifupa iliyovunjika katika miili ya majeruhi karibu na uwanja wa vita. Irène alikuwa na umri wa miaka 17 tu. Naye akafanya kazi hiyo. Mitambo ilihitaji watu wa kuiendesha. Marie akawafundisha wanawake wapatao 150. Hawakuwa wateule wa elimu, na wengine walikuwa wamesoma kidogo tu. Lakini walifundishwa umeme na eksirei, wakapelekwa hospitalini, wakaifanya kazi.

Kazi ya miaka mingi karibu na miali ile ilimharibu afya. Hatari yake haikujulikana vyema wakati alipoanza, naye alivishika vitu vile kwa mikono mitupu. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu. Hatulifichi jambo hili, kwani mwalimu wa sayansi anapaswa kufundisha ujasiri pamoja na tahadhari.

Mwaka 1935 Irène, yule mtoto aliyechovya gololi katika wino, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na mumewe, Frédéric Joliot. Marguerite Perey, aliyeingia katika maabara ya Marie mwaka 1929 kama msaidizi tu, aligundua elementi ya fransiamu mwaka 1939. Na mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika baraza lile lile lililomkataa mwalimu wake.

YATUPASAYO

Wako watakaosema kwamba Marie Curie alikuwa na kipaji kisicho kifani, na kwa hiyo maisha yake hayana la kutufundisha kuhusu msichana wa kawaida. Twakubali kwamba alikuwa na kipaji. Lakini wale wanawake 150 wa eksirei hawakuchaguliwa kwa vipaji. Walipewa chombo, wakapewa mwalimu, wakapewa kazi ya kweli. Hayo matatu yaliwatosha.

Sisi wenyewe tunalo la kuungama. Zamani, tukiwa walimu wapya, tuliligawa darasa katika vikundi sita ili wapime uzito wa mawe hewani na majini. Somo lilikwenda vizuri, na mkaguzi angeweza kulisifu. Tulipokusanya madaftari ndipo tulipotambua kwamba katika kila kikundi mvulana ndiye aliyeishika mizani, na msichana ndiye aliyekuwa karani. Hakuna aliyewaamuru. Sisi hatukuwaamuru wala hatukuwakataza. Na kwa kutowakataza tulikuwa tumewafundisha somo la pili, ambalo halikuwamo katika andalio letu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache kwa mwalimu anayejiandaa. Kwanza, katika andalio la somo andika ni nani atakayeshika chombo, na ubadilishe zamu kabla somo halijaisha, ili kila mkono uguse. Pili, ukiuliza swali ngoja. Usimpokee yule anayepiga kelele kwanza. Hesabu moyoni hadi tano, kisha mwite aliyenyamaza. Tatu, msichana jaribio likimshindikia, usimnyang’anye chombo ili umfanyie. Mwulize ameona nini, umwache ajaribu tena. Marie mwenyewe alishindwa mara nyingi katika maabara ile ya Jumapili. Nne, akifaulu usimsifu kana kwamba ametenda mwujiza kwa msichana. Sifa ya namna hiyo huwaambia wenzake wote kwamba wao hawatazamiwi kufaulu. Tano, anza na vitu anavyovijua: sufuria na mfuniko, ndoo na kamba ya kisima, yai na chumvi.

Katika shule ya msingi fizikia aghalabu haiitwi kwa jina lake. Hujificha katika somo la sayansi. Lakini msichana anapofika sekondari na kutakiwa achague masomo, uchaguzi wake huwa umekwisha kufanywa zamani, katika darasa la tatu au la tano, siku alipoachiwa mizani au aliponyimwa. Walimu wa sekondari hawawezi kuirudisha siku hiyo. Siku hiyo imo mikononi mwenu.

Si kila mmoja wetu atapata kabati la vioo. Hata hivyo kila shule ina chupa, maji, kamba, mawe na jua. Vitu hivyo vikiwekwa mezani, na msichana akaitwa kwa jina lake aje avishike, mwalimu atakuwa ametenda lile ambalo Mzee Skłodowski alimtendea binti yake katika nchi iliyokuwa imefungiwa.